Nyenze: je, ni kweli kwamba maisha yake ni mafupi?

Sikio la Msitu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila majira ya joto yanapofika na sauti ya nyenze ikaanza kujaa mitini, hatakosekana mtu wa kusema kwa huruma kwamba mdudu huyu huishi siku saba tu kisha hufa. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na nimeona niifungulie uzi, kwa sababu nimemfuatilia mdudu huyu kwa miaka mingi na ninaamini kwamba tunamdhulumu tunapomhesabia umri kwa zile siku tunazomsikia peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Simzungumzii nyenje aliaye usiku majanini, wala chenene achimbaye udongo kwa miguu ya mbele. Nyenze ninayemkusudia ana mwili mnene, macho yaliyotengana hadi pembeni mwa kichwa, na mbawa nne angavu zilizoegemezwa mgongoni mfano wa paa. Hukaa mtini na kuimba mchana, joto linapokuwa kali. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 3,000, nao wanapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Jamaa zake wa karibu si panzi, kama wengi wanavyodhani, bali ni vidukari na wadudu wengine wafyonzao utomvu wa mimea.

Maisha yake huanzia katika kijiti. Jike hupasua gome kwa mrija wake wa kutagia na kuyapanga mayai ndani ya mpasuko huo. Yai likianguliwa hutoka tunutu mweupe, mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye huanguka chini, hujipenyeza ardhini na kutafuta mzizi wa kunyonya. Kuanzia hapo hatumwoni tena. Spishi nyingi hukaa chini ya ardhi miaka miwili hadi mitano au zaidi, na kwa kuwa vizazi vyake hupishana, kila mwaka kuna kundi linalokomaa, nasi tunadhani kuwa ni wale wale wa mwaka jana. Wapo wa Marekani wanaokaa huko miaka 13, na wengine miaka 17. Katika ulimwengu wa wadudu, ambamo wengi humaliza kila kitu ndani ya mwaka mmoja au chini yake, huyu ni mzee.

Hata hizo siku saba zenyewe si sahihi. Nchini Japani, ambako imani hiyo imeenea sana, mwaka 2019 zilitangazwa habari za mwanafunzi wa sekondari katika mkoa wa Okayama aliyewakamata nyenze, akawatia alama katika mbawa, akawaachia, kisha akarudi tena na tena kuwatafuta. Nyenze wa aina iitwayo aburazemi alionekana yu hai baada ya siku 32, wa tsukutsukuboshi baada ya siku 26, na wa kumazemi baada ya siku 15. Nyenze wa Marekani wa miaka 13 na 17 nao huishi juu ya ardhi kwa takriban wiki nne hadi sita. Ninaamini kwamba hesabu ya wiki moja imetokana kwa sehemu kubwa na watoto wanaomfungia nyenze katika kitundu: humo hana mti ulio hai wa kunyonya, hivyo hufa baada ya siku chache, na aliyemfungia hudhani kwamba umri wake ulikuwa umefika.

Karibuni tujadili.

Binti Alfajiri

Asante sana, kaka Sikio la Msitu, kwa uzi huu. Nakiri kwamba mimi ni mmoja wa hao wenye huruma. Kila mwaka huyakuta magamba yao matupu yameshikilia gome la mti, yenye miguu, macho na hata mpasuko wa mgongoni, na moyo wangu huingiwa na majonzi nikifikiri kwamba aliyetoka humo ana siku chache tu. Nina maswali mawili. La kwanza, ni kweli kwamba mpevu hali chochote, kwamba hutoka ardhini, huimba, hujamiiana na kufa kwa njaa? La pili, hiyo sauti huitoaje? Mdudu anayeenea kiganjani anawezaje kumshinda mtu anayezungumza nawe ana kwa ana?

Sikio la Msitu

Dada Binti Alfajiri, maswali yako yamegusa kiini, nami nitajitahidi kuyajibu kwa ukamilifu.

Mpevu hula, au tuseme hunywa. Mdomo wake ni mfano wa sindano, nao huudunga mtini hadi kwenye zailemu, yaani mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Kinywaji hicho ni maji karibu yote, hakina sukari nyingi wala protini ya maana, hivyo humlazimu kunywa kwa wingi sana na kuyatoa maji ya ziada kwa mchirizi wenye nguvu. Aliyewahi kusimama chini ya mti wenye nyenze wengi na kuhisi manyunyu ilhali mbingu ni nyeupe ameoga mkojo wao. Virutubisho vinavyokosekana katika kinywaji hicho hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake, ambao mama huwarithisha watoto kupitia yai. Bila bakteria hao hakuna nyenze.

Kuhusu sauti: panzi na nyenje hukwaruza kiungo kimoja juu ya kingine, lakini nyenze dume ana viwambo viwili, kimoja kila upande wa sehemu ya mbele ya tumbo. Neno kiwambo nimelichagua kwa makusudi, ingawa chake hakipigwi kama kile cha ngoma. Ni utando mgumu wenye mbavu ndogo ndogo, nao umeunganishwa na msuli wenye nguvu. Msuli ukivuta, mbavu hubonyea moja baada ya nyingine na kila moja hutoa mlio. Msuli ukilegea, utando hurudi mahali pake. Jambo hilo hutokea mamia ya mara katika sekunde moja, hata masikio yetu yakasikia mlio mmoja usiokatika. Tumbo la dume limejaa hewa, karibu tupu, na uwazi huo huikuza sauti kama kibuyu kinavyoikuza sauti ya zeze. Nyenze mmoja wa Afrika, Brevisana brevis, alipimwa na kukutwa na desibeli 106.7 kwa umbali wa nusu mita. Anapoimba, dume hulegeza ngozi ya masikio yake mwenyewe, yaliyoko tumboni, ili asijiumize kwa kelele yake.

Hapa niseme kidogo juu ya Jean-Henri Fabre, mtaalamu wa wadudu wa Ufaransa ambaye maandishi yake juu ya nyenze nayaheshimu mno. Alitaka kujua kama nyenze husikia, akafyatua mizinga ya sherehe chini ya miti waliyokuwamo. Hawakunyamaza hata kidogo, naye akahitimisha kwamba ni viziwi au karibu na viziwi. Alikosea. Nyenze husikia vizuri, lakini sikio lake limeelekezwa kwenye masafa ya sauti ya jamii yake, na ngurumo nzito ya mzinga haimhusu. Jike wa nyenze wa Marekani wa miaka 13 na 17, ambaye hana viwambo, humjibu dume kwa kupiga mbawa mara moja tu, sehemu ndogo ya sekunde baada ya wimbo kuisha. Dume husikia mpigo huo hafifu katikati ya kelele ya maelfu ya wenzake na hugeuka kumfuata. Kila ninapolifikiria jambo hili hustaajabu upya.

Mpita Njia

Mleta mada, nakubaliana na takwimu zako lakini sikubaliani na hitimisho. Miaka 17 gizani, ukinyonya mzizi na kungoja, mtu anawezaje kuiita maisha? Maisha ni yale ya juani: kuruka, kuimba, kupata mwenza. Mimi nadhani watu wanaosema maisha yake ni mafupi wanasema kweli kwa maana hiyo, na yanayotangulia ni matayarisho tu.

Sikio la Msitu

Ndugu Mpita Njia, hoja yako ni nzito, nayo ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu.

Neno kungoja ndilo ninalolipinga. Tunutu hajalala. Hukua na kujiambua mara nne akiwa ardhini, huchimba njia mpya mzizi wake unapokauka, hujitengenezea chumba kidogo cha udongo na kukipaka maji ya mwilini mwake ili kuta zisiporomoke, na miguu yake ya mbele imeumbwa kwa kazi hiyo kama ilivyoumbwa ya fuko. Zaidi ya hayo, huhesabu. Mwaka 2000 Richard Karban na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa kuwahamishia tunutu wa nyenze wa miaka 17, waliokwisha kufikisha miaka 15, kwenye mizizi ya mipichi ambayo ilifanywa ichanue mara mbili katika mwaka mmoja. Tunutu hao walitoka mwaka mmoja kabla ya wakati wao. Maana yake ni kwamba hawaihesabu miaka kwa joto wala kwa kalenda fulani ya mwilini peke yake, bali kwa mabadiliko ya utomvu ambayo mti huyapitia kila msimu. Mti ukidanganywa, naye hudanganyika. Kiumbe anayesoma misimu kupitia mzizi, na akaikumbuka hesabu yake mwaka baada ya mwaka, siwezi kusema kwamba hajaanza kuishi.

Wewe nami twaona jua kuwa ndiyo maisha kwa sababu sisi ni viumbe wa juani. Kwa nyenze, ardhi ndiyo makao, na mti ni mahali anapokwenda mwishoni kwa shughuli moja.

Mhesabati

Nimefurahi kwamba 13 na 17 zimetajwa, kwa sababu zote ni namba tasa, na jambo hilo limewashughulisha wanahisabati na wanabiolojia kwa muda mrefu. Maelezo yanayopendwa zaidi ni kwamba mwindaji mwenye mzunguko wa miaka miwili, mitatu au minne hawezi kuwiana na windo linalotokea kila baada ya miaka 13 au 17 isipokuwa mara chache sana. Maelezo mengine husema kwamba namba tasa hupunguza mara ambazo makundi yenye mizunguko tofauti hukutana na kuchanganya damu. Kigawe kidogo cha shirika cha 13 na 17 ni 221, na hilo tumelishuhudia: mwaka 2024 makundi mawili ya Marekani (kila kundi linalotoka pamoja huitwa Kizazi na kupewa namba ya Kirumi), Kizazi XIII cha miaka 17 na Kizazi XIX cha miaka 13, yalitoka katika msimu mmoja, jambo ambalo mara ya mwisho lilitokea mwaka 1803 na litatokea tena mwaka 2245.

Hata hivyo, naomba tusiipe namba tasa sifa zote. Kaskazini-mashariki mwa India yupo nyenze, Chremistica ribhoi, ambaye hutoka kwa pamoja kila baada ya miaka minne, na huko Fiji yupo mwingine wa kila miaka minane. Nne na nane si namba tasa, na wadudu hao wanaendelea vizuri. Vilevile mwaka 2017 baadhi ya nyenze wa Kizazi X cha Marekani, waliotarajiwa mwaka 2021, walitoka miaka minne mapema. Kwa maoni yangu kinachowaokoa hasa ni kutoka kwa pamoja. Udongo katika kina cha sentimita 20 unapofikia nyuzi 18 hivi za Selisiasi, wanatoka wote ndani ya siku chache, pengine hadi milioni 1.5 katika ekari moja, na ndege, kindi na nyoka hula hadi wakashiba wakawaacha waliobaki. Hawaumi, hawana sumu, hawakimbii vizuri. Silaha yao ni wingi.

Ninapenda pia tumkumbuke Benjamin Banneker, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Maryland mwaka 1731, mtu huru aliyejifunza hisabati na elimu ya nyota kwa juhudi zake mwenyewe. Aliwaona nyenze hao mwaka 1749 akiwa kijana, akawaona tena mwaka 1766 na 1783, na akaandika kwamba wangerejea mwaka 1800. Aliandika vilevile kwamba huimba tangu wanapotoka ardhini hadi wanapokufa, ingawa sehemu yao ya nyuma huwa imeoza.

Binti Alfajiri

Mwalimu Mhesabati, hiyo sehemu ya nyuma kuoza ni jambo gani? Umenitisha.

Mhesabati

Dada, ni kuvu iitwayo Massospora cicadina. Spora zake humngoja tunutu katika udongo na kumwambukiza anapotoka. Baada ya muda ncha ya tumbo hukatika na kudondoka, na mahali pake huonekana bonge jeupe la spora. La kustaajabisha ni kwamba mdudu huyo, akiwa amekwisha kupoteza viungo vya uzazi, huendelea kuruka na kutafuta mwenza, na hivyo huwaambukiza wengine. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba dume aliyeambukizwa huiga ule mpigo wa mbawa wa jike, hivyo huwavuta madume wenzake nao wakapata ugonjwa. Mwaka uliofuata ikagunduliwa kwamba ndani ya wadudu hao kuna kathinoni, kemikali ile ile iliyomo katika majani ya miraa. Banneker aliliona jambo hilo kwa macho matupu zaidi ya karne mbili kabla ya maabara kulieleza.

Bustani Yangu

Samahani kwa kuwarudisha kwenye mambo ya vitendo. Mimi nina miche ya miti ya matunda, na nimeona ncha za matawi zikikauka baada ya msimu wa nyenze. Je, ninyunyize dawa?

Sikio la Msitu

Ndugu Bustani Yangu, usinyunyize. Kinachokausha ncha ni ile mipasuko ya kutagia, na mti mkubwa huistahimili bila tabu, kana kwamba umepogolewa. Mche mchanga ndio unaoweza kudhurika, na kinga yake ni chandarua chenye matundu madogo, kisichozidi sentimita moja, ukifunge shinani na kukiondoa kelele zikiisha. Dawa haitakusaidia, kwa kuwa wengine watakuja kesho kutoka miti ya jirani, nawe utakuwa umewaua ndege watakaowala.

Na wakifa waache chini ya miti. Louie Yang alionyesha mwaka 2004 kwamba miili ya nyenze waliokufa huongeza naitrojeni katika udongo wa msitu, na mimea iliyo karibu hunufaika nayo. Kile ambacho mizizi ilinyonywa kwa miaka mingi hurudi kwa mkupuo. Kuna na jambo jingine lililoonekana mwaka 2021, Kizazi X kilipotoka: ndege waliacha viwavi wakawafuata nyenze, hata viwavi wa mialoni wakaongezeka na majani yakaliwa zaidi. Msitu mzima uliyumba kwa ajili ya mdudu wa wiki chache.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Tunutu hawezi kuhama. Mti alioangukia ukikatwa na ardhi ikamwagiwa zege katika mwaka wa kumi, miaka yote kumi imepotea, wala hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyemwona. Kizazi XI cha Marekani kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1954, huko Connecticut. Miaka 17 baadaye watu walikwenda kusikiliza, na miti ilikuwa kimya. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maisha yake yahesabiwe yote: anayeamini kwamba nyenze ni mdudu wa wiki moja hatalinda ardhi kwa ajili yake katika miaka mingine.

Mpita Njia

Nimesoma habari za Connecticut mara mbili. Narudisha neno langu la kungoja. Bado naona kwamba wimbo ndio kilele chake, lakini sitasema tena kwamba yaliyotangulia si maisha.

Binti Alfajiri

Narudi kuwapa taarifa. Jana jua lilipozama nilimwona tunutu akitembea polepole kuelekea shinani mwa mti, mwili mzima ukiwa na udongo. Nilitamani kumsaidia kupanda, nikajizuia. Alipanda hadi kimo cha kiuno changu, akakaza makucha katika gome, akatulia kwa muda mrefu. Kisha mgongo ukapasuka, akaanza kutoka, mweupe mwenye rangi ya kijani kibichi kwa mbali, na mbawa zimekunjamana kama karatasi iliyoloa. Alining'inia kichwa chini hadi nikadhani ameanguka, akajiinua, akalishika gamba lake mwenyewe kwa miguu na kuutoa mkia. Mbawa zikanyooka taratibu. Nilikaa naye kwa saa mbili na nusu, na taa nimeifunika kwa kitambaa.

Kaka Sikio la Msitu, nikuulize: ningemgusa wakati ule, ningemdhuru?

Sikio la Msitu

Ndiyo, dada. Mbawa hunyooka kwa maji ya mwili yanayosukumwa ndani yake, na akianguka au akibanwa kabla hazijakauka, hubaki zimepinda daima na hataruka. Ulivyofanya ndivyo inavyopasa. Mwili wake utakuwa umekwisha kukauka na kuwa mweusi kabla ya asubuhi, lakini usitarajie kumsikia mara moja. Hupita siku kadhaa kabla viwambo havijakomaa. Kama ni dume, msikilize wiki ijayo.

Binti Alfajiri

Asubuhi hii gamba lipo, yeye hayupo. Nimeliacha palepale mtini.